Kukubali Kuambiwa: Waraka kwa Akina Mama Wenzangu Kuelekea Sikukuu ya Mtakatifu Monika

Akina mama wenzangu wa WAWATA, umoja wetu wa Wanawake Wakatoliki Tanzania, wa jumuiya zote za parokia yetu na vigango vyake,



  Mabinti mliojiunga nasi mwaka huu baada ya ndoa zenu, karibuni sana.

Tarehe 27 Agosti inakaribia, sikukuu ya Mtakatifu Monika, na viongozi wa jumuiya wameshaanza kuniuliza habari za sare, za chakula, za kwaya itakayoimba na za nani atasoma masomo. Hayo katibu na mweka hazina wetu wameyashika vizuri, nanyi mtapewa taarifa. Mimi nawaandikia jambo moja tu ambalo nimelibeba moyoni tangu Kwaresima. Nataka tuzungumze habari ya kuambiwa.

Kusema tunajua. Mama wa Kikristo kila siku anasema: anawafundisha watoto sala, anawaonya vijana, anamfunda bibi harusi, anatoa neno msibani, anaongoza Rozari. Kuambiwa ndiko kunakotushinda. Mtu akitutajia kosa letu, hata akilitaja kwa upole, tunaanza kumtazama yeye ni nani. Ana umri gani? Ameolewa? Analipa zaka? Kwake kwenyewe kukoje? Tukimaliza kumpima, kosa letu tumeshalisahau. Nimefika mahali pa kuamini kwamba unyenyekevu wetu unaonekana hapo, katika ule muda mfupi kati ya neno tulilotupiwa na jibu tunalolirudisha. Magoti yetu kanisani Mungu anayaona, lakini na hapo napo yupo.

Monika wa machozi tunamfahamu sote. Mtoto akianza ulevi, akiacha Misa, tunaambiana tumwombe Mtakatifu Monika, maana alilia miaka na miaka kwa ajili ya mwanawe Augustino, na Mungu akasikia. Ni kweli, na wengi wetu tumefarijika kwa habari hiyo. Lakini yupo Monika mwingine ambaye hatumzungumzi sana. Huyo ni Monika msichana, kabla hajaolewa, katika mji wa Tagaste, ambao siku hizi unaitwa Souk Ahras, nchini Algeria. Ni Mwafrika mwenzetu, wa upande ule wa bara letu unaotazamana na Ulaya.

Habari hii tunaipata kwa mwanawe mwenyewe, katika kitabu cha tisa cha Maungamo, alichokiandika miaka kumi hivi baada ya mama yake kufariki. Nyumbani kwa kina Monika walikuwa Wakristo, na walikuwa na mjakazi mzee ambaye zamani alimbeba mgongoni hata baba yake Monika alipokuwa mtoto mchanga. Bibi huyo alikabidhiwa mabinti wa nyumba awalee, na aliwalea kwa ukali. Hata maji hawakuruhusiwa kunywa nje ya saa za chakula. Hoja yake ilikuwa kwamba leo wanakunywa maji kwa kuwa mvinyo hawana. Wakija kuolewa na kushika funguo za ghala, yale mazoea ya kunywakunywa yatawafuata, na kitakachokuwa karibu ni mvinyo.

Pamoja na ulinzi wote huo, Monika aliteleza. Wazazi walikuwa wakimtuma kuteka mvinyo katika pipa, wakimwamini kama binti mwenye kiasi. Kabla ya kuumimina kwenye jagi akawa anagusisha midomo tu. Wala hakuupenda, ulikuwa utundu wa kitoto. Kesho yake akaongeza kidogo, siku iliyofuata akaongeza tena, mpaka akafikia kunywa vikombe vilivyokaribia kujaa. Wazazi hawakujua. Yule mlezi mkali hakujua. Aliyejua ni kijakazi mmoja aliyezoea kufuatana naye ghalani. Siku moja wawili hao wakagombana wakiwa peke yao, na kijakazi, katika hasira zake, akamrushia neno: akamwita mlevi.

Neno lile lilimchoma. Akaitazama aibu yake, akajihukumu mwenyewe, na papo hapo akaacha.

Habari hii nilikuwa nikiisoma harakaharaka, kama kisa kidogo cha kupitia kabla ya kufika kwenye machozi. Sasa naisoma polepole. Aliyemwambia Monika ukweli alikuwa mtumwa. Wala hakuja kumrudi kwa upendo, na Augustino halifichi hilo: kijakazi alitaka kumuumiza bibi yake mdogo, hakutaka kumponya. Monika alikuwa na kila sababu ya kulikataa neno lile. Angeweza kumwambia, "Wewe ni nani wa kunisema mimi?" Angeweza kwenda kushtaki, na mtoto wa watu akachapwa. Hakuna shahidi aliyekuwepo. Lakini msichana yule aliweza kulitenga neno na mdomo uliolitoa. Mdomo ulikuwa wa uchungu, neno lilikuwa la kweli, naye akalichukua neno. Mtakatifu tunayekwenda kumshangilia kwa vigelegele alianza safari yake kwa kuambiwa na kijakazi.

Sasa niwaeleze kwa nini habari hii imenishika.

Ilikuwa Jumamosi ya juma la tatu la Kwaresima. Jumuiya yetu husali saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla watu hawajatawanyika kwenda kwenye shughuli zao, na siku hiyo ilikuwa zamu yangu kuongoza tafakari. Umeme ulikuwa umekatika tangu usiku. Binti anayenisaidia kazi nyumbani alikuwa uani na pasi ya mkaa, akininyooshea sare. Labda pasi ilizidi moto, labda usingizi ulikuwa haujamtoka, maana alikuwa akifua mpaka saa sita usiku. Nikasikia harufu ya kitambaa kuungua. Nilipotoka nikaiona alama kwenye mkono wa kushoto wa blauzi, ya rangi ya kahawia, imechongoka mbele kama pua ya pasi yenyewe, pana kama kiganja.

Akina mama wenzangu, nilipiga kelele. Nilimwambia kitambaa kile ni bei gani na fundi amenitoza kiasi gani. Nilimwambia nitamkata kwenye mshahara. Nilimwambia mambo mengine ambayo siyaandiki hapa, na majirani waliyasikia. Alisimama ameshika pasi, macho chini, mpaka nilipoishiwa pumzi. Kisha akainua uso, machozi yamemlenga lakini sauti kavu, akasema: "Mama, huko unakokwenda kusali ni mbali. Mungu ameshakusikia hapa hapa uani."

Mnadhani nilimjibu nini? Monika alilichukua neno. Mimi nilimwambia anyamaze, na amkumbuke aliyemtoa kijijini akamleta mjini. Nikavaa sare ya mwaka juzi, nikachukua Biblia, nikatoka.

Wanaofuata kalenda ya masomo wanajua Injili ya Jumamosi hiyo ni ipi. Ni Luka sura ya 18, Farisayo na mtoza ushuru walipopanda hekaluni kusali. Niliisoma mimi, kwa sauti yangu, mbele ya jumuiya. Nilipofika pale Farisayo anapoanza kumshukuru Mungu kwa namna alivyo tofauti na watu wengine, koo likanikauka, nikashindwa kuendelea. Wenzangu wakadhani ni mafua. Mama mmoja akaniletea maji kwenye kikombe. Nikayanywa, nikamaliza kusoma, na tafakari nikatoa. Wakaniambia ilikuwa nzuri.

Ilinichukua siku tatu kuomba msamaha. Natamani kuwaambia ilikuwa saa tatu, lakini zilikuwa siku tatu nzima, nikipika maneno kichwani na kuyaacha. Nilikuwa naogopa nini? Niliogopa kwamba nikimwomba msamaha atanizoea, nidhamu itashuka, ataacha kunisikiliza. Hizo ndizo sababu tunazozitumia sote, kwa mabinti wa kazi, kwa watoto wetu na kwa wakwe zetu. Jumanne jioni nilimkuta jikoni anachambua mchele. Nikavuta kigoda, nikakaa. Nikamwambia, "Mwanangu, Jumamosi nilikukosea. Ulichosema kilikuwa kweli. Nisamehe." Akasema, "Haya, mama." Akatoa kijiwe kwenye ungo, akakitupa, akaendelea kuchambua.

Nikakaa pale nikingoja. Nilitaka aseme neno jingine. Nilitaka alie, aniambie kwamba mimi ni mama mwema kuliko mama wengine. Hakusema kitu. Nikatambua kwamba hata toba nilikuwa naitaka inilipe, inirudishie sifa niliyoipoteza uani. Nikachukua mchele kidogo kwenye sinia, tukachambua wote mpaka ukaisha.

Baadaye, wiki ile ile, nikamuuliza mara ya mwisho alikwenda Misa lini. Akafikiri. Akasema Krismasi. Binti huyu amebatizwa na amepata Kipaimara. Jumapili sisi wote tunakwenda Misa ya kwanza, yeye anabaki kulinda nyumba na kupika chai ili tukirudi tuikute ya moto. Mwenyekiti wenu, yaani mimi, anayepita nyumba hadi nyumba kuwahimiza watu wahudhurie ibada, alikuwa na Mkristo ndani ya nyumba yake aliyekosa Ekaristi tangu Krismasi kwa sababu ya chai. Na hakuna aliyenionyesha hilo miezi yote hiyo, mpaka blauzi ilipoungua.

Siku hizi yeye anakwenda Misa ya kwanza na mimi nakwenda ya pili. Chai anapika aliyewahi kurudi. Ninawasihi, kila aliye na binti wa kazi, amuulize swali hilo kabla ya tarehe 27. Amuulize pia analala saa ngapi, na kama ana siku yake ya kupumzika. Akiwa ni Mwislamu au wa dhehebu jingine, amuulize kama anapata nafasi ya kusali kwao. Wengi wetu tulikuwa tukisema tunawalea kama watoto wetu. Basi tuangalie kama watoto wetu wanakula tukishamaliza kula sisi.

Kanisa la Afrika lilishatufundisha jambo hili zamani sana, kabla hata ya Monika. Tarehe 7 Machi tunawakumbuka Perpetua na Felisita, waliouawa kwa ajili ya imani huko Karthago mwaka 203. Perpetua alikuwa mwanamke wa ukoo wenye heshima, aliyesoma, ana miaka 22 na mtoto anayenyonya. Felisita alikuwa mtumwa, mjamzito, akajifungua mtoto wa kike mle mle gerezani. Walitupwa uwanjani pamoja, kwa wanyama, na Perpetua alipomwona Felisita ameangushwa chini alimwendea, akampa mkono, akamwinua. Siku yao ni moja hadi leo. Hatuna sikukuu ya bibi na sikukuu nyingine ya kijakazi.

Nirudi kwa Monika, maana bado ana la kutufundisha, na safari hii ni Monika mtu mzima, mjane, mama wa mwalimu maarufu. Alimfuata mwanawe mpaka Milano. Kwao Afrika alikuwa na desturi ya kupeleka uji, mkate na mvinyo kwenye makaburi ya watakatifu siku za kumbukumbu zao. Alikuwa akionja kidogo tu kwa heshima na kugawa kilichobaki. Ilikuwa ibada aliyoipenda. Alipofika na kapu lake Milano, bawabu wa kanisa akamzuia. Akaambiwa kwamba askofu, Ambrosi, amepiga marufuku jambo hilo, kwa kuwa wengine walilifanya kisingizio cha ulevi, na kwa kuwa lilifanana na matambiko ya wapagani kwa wafu wao.

Jiwekeni katika viatu vyake, akina mama. Mwanamke wa umri ule, mgeni katika mji wa watu, amebeba kapu lake mwenyewe, anazuiwa mlangoni na bawabu. Sisi tungesema nini? Tungesema sisi ndio tuliolijenga kanisa hili. Tungesema huyu Padre ni mgeni, ametukuta na atatuacha. Tungeitisha kikao. Monika aligeuka na kapu lake. Mwanawe anakiri kwamba yeye mwenyewe alishangaa jinsi mama alivyotii kwa urahisi. Tangu siku hiyo alikwenda makaburini na sala tu, na kile alichokuwa nacho akawapa maskini.

Ninalitaja hili kwa sababu tunajuana. Mwaka huu Paroko amebadilisha zamu za kupamba altare, na maneno niliyoyasikia baada ya Misa, mengine yametoka kinywani mwangu, yasingetosha kwenye kapu la Monika. Mtu amefua vitambaa vya altare miaka kumi na miwili, anaambiwa sasa mwingine ajifunze, anaona kama amefukuzwa kanisani. Uchungu huo nauelewa. Kazi ya Kanisa ukiifanya muda mrefu inaota mizizi ndani yako, na siku inapong'olewa inatoka na udongo. Lakini mabinti hawa wapya watajifunza lini, na kwa nani, kama sisi tumekumbatia ndoo na sabuni?

Na neno moja juu ya maneno. Augustino anasema mama yake alikuwa na karama ambayo kwanza aliiona ndogo, mpaka maisha yalipomwonyesha watu wasiohesabika walioikosa. Wanawake wawili wakigombana, na kila mmoja akija kwake kummwagia nyongo dhidi ya mwenzake, Monika hakubeba neno lolote kutoka huku kwenda kule, isipokuwa lile litakalowapatanisha. Basi. Hiyo ndiyo karama yenyewe. Mtu hahitaji kusomea teolojia ili kuwa nayo. Nawaomba wenzangu mlio kwenye kundi letu la WhatsApp mlitafakari hilo kabla ya kupiga picha ya ujumbe wa mtu na kuutuma kwa mwingine. Mwezi Mei familia mbili za parokia hii ziliacha kusalimiana kwa ajili ya picha moja ya namna hiyo. Mama wa familia zote mbili ni wanachama wetu, na bado hawajapatana. Mnaowajua, msinipigie simu kuniuliza ni kina nani. Waendeeni.

Hapa lazima niseme jambo bila kuzunguka, kwa sababu kuna mabinti wanaosoma waraka huu na ndoa zao bado changa. Katika kitabu hicho hicho cha Maungamo Augustino anaeleza kwamba baba yake, Patrisi, alikuwa mtu wa hasira, na kwamba wake wengine wa mji ule walikuwa wakija na alama za vipigo usoni, na Monika, ambaye mumewe hakumpiga, aliwashauri wanyamaze na kuwatii waume zao kama mabwana. Nimeipima sehemu hiyo kwa miaka mingi, na sitaki mtu yeyote ailete kwenye semina zetu kama fundisho la unyenyekevu. Monika aliishi katika karne ya nne, katika nchi ambayo mke hakuwa na pa kwenda. Wewe unayepigwa leo, usiambiwe na mwanachama yeyote wa umoja huu, wala na mimi, kwamba huo ni msalaba wako. Kumkubalia mtu anayekuambia kosa lako ni unyenyekevu. Kumkubalia mtu anayekuvunja mwili ni jambo jingine kabisa, na Mungu hakukuumba kwa ajili hiyo. Njoo kwangu, saa yoyote. Nenda kwa Paroko. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto, na tutakusindikiza hadi pale, hutakwenda peke yako.

Mtaniuliza tuanzie wapi. Mimi naanza usiku. Kabla ya kulala, baada ya Salamu Maria zangu, najiuliza swali moja: leo nani ameniambia neno nikalikataa? Mwanzoni nilikuwa sipati jibu, nikadhani siku imepita salama. Sasa majibu yanakuja mengi. Mtoto wa darasa la nne aliniambia, "Mama, hujanisikiliza, unaangalia simu." Mkwe wangu alisema chakula kimezidi chumvi, na ni kweli kilizidi, nami nikanuna mpaka jioni. Muuza nyanya sokoni aliniambia nimempa pesa pungufu, nikahesabu kwa dharau, nikakuta kweli ni pungufu. Ni mambo madogo, lakini nikiyapeleka kwenye kitubio Padre hanicheki. Zamani nilikuwa naungama kwa mkupuo, kwa maneno yale yale ya kila mwaka, na nilitoka nje nikiwa nilivyoingia. Kwenda na neno moja, la mtu mmoja, la siku moja, kumenisaidia zaidi ya orodha ndefu.

Siku nyingine nashindwa kabisa. Naandika hili nikikumbuka wiki iliyopita, nilipomkatiza binti mmoja kwenye kikao cha viongozi mara mbili, na mara ya pili alikuwa na hoja nzuri kuliko yangu. Nimeshamwendea. Alikuwa amesahau, au alisema amesahau.

Habari ya sare, kwa kuwa mmeniuliza. Mwaka jana mama mmoja, mjane, wa jumuiya ya huko bondeni, hakuja kwenye sikukuu. Nilipomtembelea miezi miwili baadaye aliniambia hakuwa na pesa ya kitenge, na aliona haya kusimama na gauni la kawaida katikati yetu. Miezi miwili sikujua kwamba hayupo. Kwa hiyo mwaka huu mwenye sare mpya avae, mwenye ya zamani avae ya zamani, na asiyekuwa nayo avae nguo yake safi aje akae mbele. Michango pia haitasomwa kwa majina. Kutakuwa na kapu moja mlangoni, na mweka hazina atatangaza jumla. Najua baadhi yenu mtaona tunapunguza hamasa. Nimelisikia hilo na nimelipima. Bado nawaomba tujaribu hivi mwaka mmoja.

Monika alifia Ostia, bandarini, akingoja meli ya kurudi Afrika. Mwaka ulikuwa 387, yeye akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake, na Augustino, aliyebatizwa Pasaka ya mwaka huo huo, akiwa katika mwaka wa 33 wa umri wake. Kwa miaka mingi alikuwa ameshughulikia kaburi lake mwenyewe, karibu na mumewe, kwao Tagaste. Wanawe walijua jinsi alivyolijali jambo hilo. Homa ilipomzidia, mwanawe mmoja akasema heri mama angefia nyumbani, naye akamkemea. Akawaambia wauzike mwili wake popote pale, wasijisumbue nao. Alichowaomba ni wamkumbuke kwenye altare ya Bwana, popote watakapokuwa. Mama zetu wengi hapa wana daftari la michango ya mazishi na wanajua hata mti utakaokuwa kichwani mwa kaburi. Siwalaumu, mimi pia ni hivyo. Ila ninamtazama Monika akiachilia na hilo, la mwisho kabisa, na ninaona jinsi mkono wake ulivyokuwa umezoea kufunguka.

Misa ya tarehe 27 itakuwa saa kumi na moja jioni, ili wanaotoka kazini na sokoni wawahi. Tutaanza Rozari saa kumi. Kitubio kitakuwepo jioni ya siku iliyotangulia, na Paroko amekubali kukaa mpaka wa mwisho. Mabinti wa kazi wa nyumba zetu wote wamealikwa kwenye chakula, nao hawatahudumu. Tutahudumu sisi, wenye vyeo vya umoja huu, na majina ya watakaopakua yako kwa katibu, la kwangu likiwa la kwanza.

Ile blauzi fundi aliniambia anaweza kukata mkono na kushona mwingine. Nilimwambia auache. Nitaivaa siku hiyo, na binti yangu amesema ataninyooshea yeye mwenyewe.

Wenu katika Kristo,
Mwenyekiti wenu, mama mwenzenu